Sabuni Iwe Njiani: Vidokezo 8 vya Kufundisha Watoto Kunawa Mikono

Waulize wanafunzi wa darasa la pili ni wakati gani tunanawa mikono, uone watakavyoitikia kwa sauti moja: kabla ya kula na baada ya kutoka chooni! Kisha kengele ya mapumziko inalia, na walewale wanalipita bomba mbio hadi kwa muuza mihogo getini. Jibu wanalo. Wasichokuwa nacho ni mazoea, na mazoea hayaji kwa kukariri. Mwalimu, na wewe mzazi mwenye mtoto wa shule, jaribuni haya.

1. Anzeni na ubuyu

Mtoto haamini asichokiona, na vijidudu havionekani. Rangi ya ubuyu inaonekana. Mpe mtoto mmoja ubuyu mwekundu aumung'unye huku akiramba vidole, kisha aendelee na kazi zake: aandike, aazime kifutio, amguse mwenzake begani. Baada ya robo saa, darasa zima ligeuke wapelelezi. Rangi imefika wapi? Mtaikuta kwenye pembe ya daftari, kwenye kifutio cha jirani, kwenye kola ya shati jeupe, na pembeni mwa jicho alilolifikicha. Hapo ndipo uwaambie: angekuwa ametoka chooni bila kunawa, vijidudu vingepita njia hiihii, ila tusingeviona. Ukikosa ubuyu, chaki ya rangi inafaa.

2. Kisha leteni masizi

Kwangua masizi ya sufuria, changanya na mafuta ya kupikia kidogo, wapake watoto watatu viganjani. Wa kwanza anawe kwa maji matupu. Wa pili atumie sabuni, lakini chapuchapu. Wa tatu atumie sabuni na asugue kwelikweli. Wa kwanza atarudi na weusi wake uleule, kwa kuwa maji na mafuta hayapatani. Sabuni ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, kwa hiyo huung'oa uchafu na maji yakaondoka nao. Virusi kama vya mafua makali na korona vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huupasua.

Kipande cha sabuni ya mche kinatosha. Usiingie gharama ya sabuni zinazojitangaza kuwa zinaua vijidudu: mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku triklosani na viambato vingine 18 katika sabuni za namna hiyo, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinaishinda sabuni ya kawaida na maji.

Angalizo: lile onyesho la pilipili manga inayokimbia tone la sabuni kwenye sahani linafurahisha, lakini mtoto huondoka akidhani kwamba akigusa sabuni tu, vijidudu vinatimua mbio. Havitimui. Vinasuguliwa.

3. Dole gumba lisisahauliwe

Mkague yule aliyenawa chapuchapu. Masizi yamebaki katikati ya vidole, kwenye shina la dole gumba na chini ya kucha. Basi wapange mfululizo mmoja usiobadilika: kiganja kwa kiganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, dole gumba moja kisha la pili, na mwisho ncha za vidole zisuguliwe kwenye kiganja. Watoto wanaosoma madrasa huenda wameshazoea kupitisha vidole katikati ya vidole wakati wa udhu. Waite mbele wawaonyeshe wenzao, kisha waongezee sabuni. Na mkono wa kushoto nao uoshwe. Wapo watoto wanaonawa wa kulia peke yake, eti ndio unaoshika tonge.

4. Hesabu kwa jedwali la mbili

Muda unaopendekezwa wa kusugua ni sekunde 20, na bombani hakuna saa. Wasome jedwali la mbili kwa sauti, bila pupa, kutoka mbili mara moja hadi mbili mara 12. Wakifika 24, muda umetimia na hesabu imerudiwa bure. Wakati wote huo bomba liwe limefungwa. Maji ni ya kulowesha na kusuuza tu, na penye ndoo moja ya maji kwa darasa zima, hilo si jambo dogo.

5. Maji yatiririke

Beseni moja likizungushwa kabla ya uji, wa kwanza ananawa kwa maji na wa mwisho ananawa kwa uchafu wa wenzake. Waliozoea kumnawisha mgeni kwa birika walikuwa na akili. Ndoo yenye koki ni nzuri, na fedha zikikosekana kuna kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, litoboe kwa msumari wa moto karibu na mdomo, lining'inize kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, kisha funga kamba kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Mguu unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, na hakuna koki ya kushikwa kwa mikono michafu. Mwaga kokoto chini pasigeuke tope. Darasa la tano wanakitengeneza wenyewe wakisimamiwa.

Tatizo jingine ni sabuni kutoweka. Tia gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, tikisa, toboa kifuniko, ifunge kando ya dumu. Hakuna atakayetia mfukoni maji ya sabuni.

6. Sabuni iwe njiani

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio katika shule mbili za msingi za vijijini Bangladesh. Hakuna aliyewahubiria watoto. Palijengwa mahali pa kunawia, ikapakwa rangi njia ya kutoka chooni, zikachorwa nyayo njiani na viganja penye maji. Awali ni asilimia 4 tu waliokuwa wakinawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Wiki 6 baadaye walikuwa asilimia 74.

Linganisha na utafiti wa shule za msingi za Nyanza, Kenya, uliochapishwa 2012: wasichana wa shule zilizoongezewa vyoo walikutwa na vijidudu vya kinyesi mikononi zaidi. Choo kipya kisicho na sabuni ya uhakika huongeza watumiaji, na mikono yao hurudi darasani hivyohivyo. Kwa hiyo sabuni ikifungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, hata iwe katoni nzima, ni sawa na haipo.

7. Acheni vitisho na fedheha

Mtoto anayesimamishwa mstarini kwa sababu ya kucha chafu hujifunza kuficha mikono. Mpe kazi: awe kiranja wa dumu wiki hii, mwingine wiki ijayo. Na magonjwa yatajwe kwa majina yanayojulikana nyumbani: kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo, minyoo, mafua. Wengi wanakumbuka macho mekundu yaliyoenea Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024, ugonjwa unaosafiri kwa vidole kutoka jicho hadi jicho.

Wala msitie chumvi. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kuhimiza unawaji mikono kwa watoto hupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja, na hilo ni kubwa bila kupambwa. Malaria haizuiliwi kwa sabuni; huletwa na mbu. Mtoto aliyeelezwa ukweli wote ataamini pia ule wa mikono.

8. Pimeni sabuni, msipime majibu

Ukiuliza "Mmenawa?", utajibiwa "Ndiyo, mwalimu!" hata na mwenye tope viwikoni. Kwa hiyo piga mstari wa kalamu kwenye chupa ya maji ya sabuni kila Jumatatu, au weka kipande kipya cha sabuni kwenye neti. Siku ya Ijumaa chungulia. Chupa ikishuka, somo limeingia. Kipande kikiwa bado kina herufi za kiwandani, usianze kugomba. Fuata njia ya kutoka chooni kwa miguu yako mwenyewe: huenda maji yamekatika, kamba imekatika, au dumu limening'inizwa juu, mtoto wa darasa la kwanza hafiki. Rekebisha hilo kwanza.