Springi ya Mlango wa Gereji Ikikatika

Usiku wa baridi kali, kishindo kimoja kikavu kinatoka gereji na nyumba nzima inaamka. Kwa aliyetoka Kivu na sasa ana nyumba yake Columbus, Minneapolis au Edmonton, wazo la kwanza huwa ni risasi, na hakuna wa kumlaumu. Asubuhi anabonyeza rimoti ili awahi kazini. Mota inanguruma, mlango unapanda kiasi cha shubiri moja, kisha unagoma. Gari limefungiwa ndani.

Wengi hukimbilia kulaumu mota, lakini mota haina kosa. Mlango wa magari mawili, wa futi 16 kwa 7, una uzito wa kilo 70 hadi zaidi ya 100, na wa mbao huzidi hapo. Uzito huo wote hubebwa na springi, kwa kanuni ileile ya ndoo mbili zinazoning'inia kwenye kapi moja: upande mmoja ukishuka, mwingine unapanda bila kukusumbua. Mota hukamilisha tu. Springi ikikatika, mota inabaki kuinua mzigo isiouweza, na ukiendelea kubonyeza utasaga gia zake za plastiki. Hapo utakuwa umejiongezea bili ya pili.

Kwanza, tambua springi ulizonazo. Simama ndani ya gereji, mlango ukiwa umefungwa, utazame juu. Ukiona bomba la chuma limelala juu ya mlango, nalo limevishwa springi moja au mbili nene, hizo ni springi za kujisokota. Iliyokatika huonekana wazi, kwa sababu katikati yake kuna pengo la sentimita kadhaa. Ukiona springi ndefu nyembamba mbili, kila moja imelala sambamba na reli, moja kushoto na nyingine kulia, hizo ni za kuvutika. Moja yake ikikatika, mlango hupanda upande, na aghalabu kebo ya upande huo huning'inia. Ziko pia springi zilizofichwa ndani ya bomba lenyewe, na kwa hizo hutaona pengo lolote.

Sasa gari litatokaje? Kama mlango umefungwa, chomoa mota kwenye umeme, halafu vuta ile kamba yenye kishikio chekundu ili mlango uachane na mota. Tafuta watu wazima wawili au watatu. Inueni kwa kushika vishikio au ukingo wa chini, kamwe si kwenye maungio ya vipande vya mlango, maana mlango unapokunjuka maungio hayo hukata vidole. Watoto wakae ndani ya nyumba. Mmoja atoe gari haraka huku wengine wameushikilia mlango, kisha ushusheni taratibu na kuuacha umefungwa.

Kama springi imekatika mlango ukiwa juu, usiiguse kamba nyekundu. Mota ndiyo kitu pekee kinachouzuia usiporomoke. Usipite chini yake, wala usiutumie mpaka fundi afike.

Springi za kuvutika, mtu mwenye mkono wa ufundi anaweza kuzibadilisha mwenyewe. Siri ni kwamba mlango ukiwa wazi kabisa, springi hizo hulegea. Kwa hiyo mlango uinuliwe hadi mwisho, kisha kila reli ibanwe kwa vaisigripu chini ya gurudumu ili mlango usiteremke, na ngazi imara isimamishwe chini yake kama akiba. Piga picha kabla hujafungua chochote, hasa tundu ambalo ndoano ya kebo imeshikizwa, kwa sababu ukiirudisha tundu lingine mlango utakaa upande. Rangi iliyopakwa mwisho wa springi inaonyesha uzito inaobeba: nyeupe ni pauni 110, kijani 120, njano 130, bluu 140, nyekundu 150. Nunua rangi ileile, na nunua mbili, hata kama moja bado nzima. Zimefanya kazi sawa, na hiyo iliyobaki itafuata muda si mrefu. Ndani ya kila springi lazima ipite kebo ya usalama iliyofungwa ncha zote mbili. Bila hiyo, springi ikikatika huruka ikavunja kioo cha gari au kichwa cha mtu. Nimeona gereji nyingi za zamani zisizo nazo, na ningeziweka hata kama springi hazijakatika.

Springi za kujisokota ni habari nyingine, na ushauri wangu ni mfupi: mwachie fundi. Mlango wa futi 7 huhitaji springi isokotwe takriban mizunguko saba na nusu, robo mzunguko kila mara, kwa nondo mbili maalumu zinazoingizwa kwa kupokezana katika matundu ya kichwa cha springi. Wakati wote huo nguvu inayoweza kuinua mlango mzima iko mkononi mwako. Nondo ikichomoka, au ukiwa umetumia bisibisi badala ya nondo inayoenea tundu, mkono au taya huvunjika kabla hujajua kilichotokea. Springi moja ikikatika, ya pili kwenye bomba hilo bado imesokotwa, basi usifungue skrubu yoyote ya kichwa chake. Usifungue pia bamba la kona ya chini ya mlango, pale inaposhikizwa kebo. Ziko video nyingi zinazoonyesha kazi hii ikiisha kwa dakika 20. Anayeionyesha ameifanya mara nyingi mno.

Kazi yako hapo ni kumjua fundi. Pigia kampuni mbili au tatu, na uliza bei kamili kwa simu: springi zote mbili, kazi na kodi. Bei ya kawaida huanzia kama dola 200. Jihadhari na tangazo la dola 29 za kuja kutazama tu. Mara nyingi fundi wa tangazo hilo akifika atakuambia magurudumu, bawaba na kebo zote zimekufa. Mwambie akuonyeshe kwa mkono kilichochakaa. Akikuahidi dhamana ya maisha, uliza kama inagharimia na kazi, maana kwa kawaida inahusu chuma chenyewe tu.

Uliza pia mizunguko. Springi ya kawaida hutengenezwa idumu mizunguko 10,000, yaani kufungua na kufunga mara 10,000. Mlango ukitumika mara nne kwa siku, hiyo ni karibu miaka saba. Lakini nyumba zetu zina watu wengi wenye zamu tofauti, na gereji ndiyo mlango wa mbele. Ukitumika mara kumi kwa siku, miaka mitatu haifiki. Springi ya mizunguko 20,000 au zaidi huongeza gharama kidogo, na kwa familia kama hiyo inalipa.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie aachanishe mlango na mota, auinue hadi usawa wa kiuno na auachie polepole. Ukikaa palepale, kazi ni nzuri. Ukishuka au kupanda wenyewe, springi si sahihi au haijasokotwa vizuri. Jaribio hilo lirudie mwenyewe kila miezi michache, ukiwa umeushika mlango, na springi zipulizie mafuta ya silikoni au litiamu kabla ya baridi kuingia. Angalia pia vile vijicho viwili vya usalama karibu na sakafu. Nchini Marekani, mota zote za nyumbani zilizotengenezwa tangu 1993 lazima ziwe na kinga ya kumzuia mtu asibanwe. Kama yako haina, ibadilishe.

Na kama umepanga, usinunue springi kwa fedha yako. Mwandikie mwenye nyumba siku hiyohiyo, ambatisha picha ya pengo, na umweleze kuwa mlango hautumiki. Soma pia mkataba wa kupanga unasemaje kuhusu gereji kabla hujampigia fundi yeyote.