SOMO LETU: KUTUNZA MICHE YA MSHUBIRI TULIYONUNUA



Vikundi vingi vya akina mama na vijana hununua miche ya mshubiri, ambao wengi wetu tunauita alovera, ili kuipanda nyumbani. Tunauchagua kwa sababu unastahimili ukame. Hata hivyo, mingi hufa katika majuma ya kwanza, na mara nyingi si kwa kiu bali kwa maji mengi mno. Fedha zilizonunua miche hiyo ni mchango wa mtu. Basi tujifunze kuitunza.

Tuufahamu mmea wenyewe

Mshubiri huweka akiba ya maji katika majani yake manene. Mchana hufunga vitundu vidogo vya majani ili maji yasipotee, na usiku huvifungua kuvuta hewa. Kwa hiyo matumizi yake ya maji ni madogo. Tukiumwagilia kila siku kama sukuma wiki, mizizi hukosa hewa na kuoza.

Hatua za kufuata

1. Kagua kabla ya kununua. Mche mzuri una majani magumu na shina lisilobonyea. Uliza pia umetoka wapi. Mwaka 1986 nchini Kenya, amri ya rais ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini ili isimalizwe. Tununue iliyooteshwa kitaluni.

2. Utenge na mimea mingine kwa wiki mbili. Wadudu weupe wanaofanana na pamba hujificha katikati ya majani. Ukiwaona, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

3. Andaa chombo na udongo. Debe kuukuu linafaa, mradi litobolewe matundu chini. Changanya nusu udongo wa shamba na nusu mchanga mkubwa wa mtoni.

4. Usimwagilie mara moja. Baada ya kupanda, subiri siku 5 hadi 7 ili mizizi iliyojeruhiwa ipone. Kisha mwagilia mpaka maji yatoke chini, na usirudie mpaka udongo ukauke. Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Ukihisi unyevu, acha. Majani yaliyosinyaa na kukunjamana yanaonyesha kiu. Majani ya manjano, laini na yenye majimaji yanaonyesha maji yamezidi.

5. Uzoeshe jua polepole. Mche uliokuzwa kivulini huungua ukiwekwa juani ghafula. Anza na jua la asubuhi, uongeze muda kwa wiki mbili.

Mche ukianza kuoza, usikate tamaa. Kata sehemu yote iliyooza, acha shina likauke kivulini kwa siku kadhaa, kisha lipande upya katika mchanga mkavu.

Tahadhari

Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani huharisha sana. Wajawazito na watoto wasinyweshwe.

Neno kwa kamati na wafadhili

Taarifa zetu huandika idadi ya miche iliyogawiwa. Idadi hiyo haimwambii mfadhili kama mama aliyepewa ana kitu mkononi. Tunashauri kila kamati itembelee nyumba baada ya miezi mitatu na kuandika idadi ya miche iliyo hai. Tena, siku ya kugawa miche iwe pia siku ya mafunzo, hata ya saa moja tu. Afadhali miche 50 pamoja na mafunzo kuliko miche 100 itakayooza.

Maswali ya kujadili

1. Kati ya miche tuliyogawa mwaka jana, ni mingapi iliyo hai leo?
2. Nani katika kila jumuiya atafundisha na kufuatilia?
3. Je, tunajua miche yetu ilitoka wapi?