Ndugu Akitoweka: Namna ya Kujiandaa kwa Mahakama

Nchini Kenya, kikao cha familia hakiwezi kumfanya aliyetoweka kuwa marehemu. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinataka ithibitishwe kwamba kwa miaka 7 hajasikika kwa watu ambao, lau angekuwa hai, wangepata habari zake. Hapo mahakama humchukulia kuwa amefariki, hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kwa hiyo mzigo wako ni kuthibitisha ukimya, na ukimya hauna risiti. Itengeneze wewe. Piga ripoti polisi siku hiyo hiyo, usingoje saa 24 zipite, na utunze namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Ukienda hospitali, mochari au gerezani kuuliza, andika tarehe na jibu ulilopewa. Tangazo la gazetini likate ulihifadhi. Omba barua ya chifu wakati majirani bado wanakumbuka.

Mashahidi ndio wanaofikiriwa kidogo mno. Ikiwa ndugu yenu alikosana nanyi na hakuwa akipiga simu hata kabla ya kutoweka, kimya chake kwenu hakithibitishi mengi. Mtafuteni aliyekuwa akizungumza naye: mke, mwajiri, mwenye nyumba, rafiki wa chama. Hao ndio waape. Na mtu akisema alimwona Mombasa, fuatilieni, kisha mweleze mahakama mlichokikuta. Uvumi uliofichwa ukija kuibuka, hati zote za kiapo zitatiliwa shaka.

Miaka ikitimia, wakili hupeleka maombi Mahakama Kuu. Amri ikitolewa, ipeleke kwa msajili wa vifo upate cheti, ndipo uombe usimamizi wa mirathi. Ombi hilo hutangazwa katika Gazeti Rasmi, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Kabla ya mahakama kuthibitisha usimamizi huo, shamba lisiuzwe wala kugawanywa, hata kama karo inadaiwa. Najua hilo linauma, lakini aliyetoweka bado ndiye mwenye hati, na mnunuzi atakuja kudai fedha zake.

Anayetaka kuolewa au kuoa tena naye apate amri kwanza.

Tafadhali, usimlipe yeyote anayekuahidi cheti cha kifo cha njia ya mkato. Hicho ni cheti cha kughushi, na atakayeshtakiwa ni wewe uliyekitumia.