"Tumbawe Laini": Istilahi Moja, Maana Mbili

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, tumbawe hujulikana kwanza kama jiwe la ujenzi. Nyumba na misikiti ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Hata Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba huohuo. Aidha, mafundi wa pwani walitofautisha jiwe lililochimbwa nchi kavu na tumbawe lililokatwa baharini. Hili la pili huchongeka kwa urahisi likiwa bichi, kisha hukakamaa linapokauka, ndiyo maana lilipendwa kwa mihrabu na miimo ya milango. Kwa fundi, basi, ulaini ni hali ya muda.

Kwa mwanabiolojia, ulaini ni suala la nasaba. Tumbawe la fundi, aghalabu la jenasi ya Porites, huainishwa kuwa gumu kwa kuwa hujijengea kiunzi cha chokaa. Matumbawe laini, mathalani Sinularia, hayana kiunzi hicho, bali vijiti vidogo vya chokaa mwilini. Kila kiumbe kina minyiri minane. Kwa kukosa ngome ya mawe, mengi hujihami kwa kemikali.

Tofauti hii ina uzito katika tiba ya mifupa. Mwaka 1974, wanasayansi nchini Marekani walieleza namna ya kugeuza chokaa ya matumbawe magumu kuwa madini yanayofanana na ya mfupa, na viunzi vya aina hiyo vimetumiwa na wapasuaji kujazia mapengo ya mifupa. Kwa upande wa matumbawe laini, kinachotafutwa ni kemikali. Mwaka 2013, watafiti wa Taiwan waliripoti kuwa kemikali moja ya Sinularia ilipunguza uvimbe na uharibifu wa mifupa kwa panya wenye baridi yabisi. Hata hivyo, matokeo ya panya si dawa ya binadamu.

Hivyo basi, anayetangaza kwamba "tumbawe laini hutibu mifupa" amepotosha mara mbili. Kitenzi chake kimetangulia ushahidi. Na mzee aumwaye magoti aweza kudhani kinachosemwa ni tumbawe bichi la mafundi, akalisaga na kulinywa. Istilahi "matumbawe ya minyiri minane", pamoja na kitenzi "yanachunguzwa", ingemkinga msikilizaji, na mwamba wa bahari pia.