Dondoo muhimu: Usuli wa habari

Chombo cha majini kikizama, msomaji huuliza: hii ni mara ya ngapi? Mjibu katika aya ya tatu au ya nne, ukishasema nani, wapi na lini. Kwa mfano, meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria Mei 1996. MV Spice Islander, ikielekea Pemba, Septemba 2011. MV Nyerere, karibu na Ukara, Septemba 2018.

Orodha tupu haitoshi. Eleza kwamba zote tatu zilizidisha mzigo na abiria, kisha utafute wachunguzi walipendekeza nini na kipi kimetekelezwa. Habari yenyewe iko hapo, na ndipo waandishi wengi huishia njiani.

Tarehe zitoe kwenye ripoti za uchunguzi, si gazeti la jana, kwani makosa hurithiwa. Redioni, sentensi mbili za usuli zatosha.