Kuchagua Ngozi na Kuipaka katika Somo la Kazi za Mikono
Kabla ya kuwafundisha watoto kushona vikoba vya ngozi, yatupasa kuitambua ngozi yenyewe. Iliyosindikwa kwa magome ya miwati hupokea nakshi. Iliyosindikwa kwa kromu huwa laini, lakini nakshi haidumu juu yake. Tuloweshe kipande kidogo, kisha tukikandamize kwa mpini wa kijiko: alama ikibaki baada ya kukauka, ngozi hiyo yafaa kwa nakshi.

Rangi hutangulia, mafuta kidogo hufuata, na nta huwa ya mwisho, kwa kuwa huzuia rangi isipenye. Kila rangi ijaribiwe kwanza juu ya masalio. Mtoto ambaye kazi yake ya majuma mawili imeharibiwa na haraka yetu hashiki tena sindano kwa moyo.