Nairobi hadi Cape Town kwa ajili ya wodi ya watoto

Swali: Mimi na marafiki wanne tunataka kwenda Cape Town kwa gari tukichangisha fedha za wodi ya watoto. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni na pesa, si gari. Mafuta, malazi na ada za mipakani vitoke mifukoni mwenu. Michango yote iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali. Mchangiaji akishuku kwamba anawalipia matembezi hatatoa tena, na atakuwa na haki. Kisha kateni Kadi ya Njano ya COMESA: bima hiyo inatambulika Tanzania na Zambia, ila haifiki Botswana. Mkivuka daraja la Kazungula kuingia Botswana, ulizieni bima ya huko mpakani. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Na tafadhali, msiendeshe usiku.